Saa Moja Bila Kukwama

Jumapili jioni, mtaani Tassia. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha. Sina raha hata kidogo.

Wiki nzima nimekuwa nikiijaribu kadi ya grafiki ya kompyuta yangu. Nimeipandisha kasi kuliko kiwanda kilivyoiwekea, ili picha za majengo ninazowachorea wateja zitoke haraka. Ukishaipandisha, unafungua programu ya kuikamua nguvu zote kwa saa moja. Isipokwama, imefaulu.

Yangu haikukwama. Stima ndiyo iliyokuwa ikipotea.

Ghorofa yetu, milango minane, inatumia laini moja, na swichi kubwa, inayojizima mzigo wa stima ukizidi, iko kwenye ngazi. Msimamizi wa ploti amepiga marufuku koili za kupikia na pasi. Kompyuta hakuitaja. Swichi ikiruka mchana, wachache tuliobaki nyumbani tunatoka milangoni kunusa ni nani anapika kwa koili, na mimi nanusa pamoja nao, tena kwa bidii. Halafu naipandisha swichi, narudi ndani, naanza saa yangu upya. Jumanne mara mbili. Alhamisi mara nne.

Nilijua ni mimi.

Leo asubuhi karibu wote walienda kanisani, na stima ikawa na nguvu. Saa moja ikaisha salama. Nilicheka peke yangu.

Alasiri Mama Achieng wa mlango wa pili akabisha hodi. Mumewe ana ugonjwa wa mapafu, na anapumua kwa mashine ya oksijeni waliyoazimwa na kanisa. Wiki hii, akirudi kutoka sokoni, amekuwa akimkuta mzee anahema, midomo imebadilika rangi, mashine imezima na stima ipo. Akaniomba niitazame, kwa kuwa nafanya kazi na mashine.

Niliichomoa, nikaichomeka tena. Haikuwaka hadi nilipobonyeza kitufe. Mzee alikuwa amelala, na kitufe kiko mbali na mkono wake.

Nilielewa papo hapo. Kila niliporusha swichi, mashine ilizimika, na stima ikirudi haikuwaka yenyewe.

"Ni mbovu, ama?" Mama Achieng aliniuliza. "Niambie ukweli, mami. Kanisani kuna mgonjwa mwingine anaingoja; ikiwa mbovu, tuirudishe itengenezwe."

Nikamwambia labda imechoka. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu. Niliogopa milango yote minane ijue.

Akanishukuru. Akasema basi kesho asubuhi wanairudisha, na mzee atavumilia mpaka ipatikane nyingine. Hakuna aliyesema itapatikana lini.

Tangu wakati huo nimekaa hapa. Kadi nimeirudisha kwenye kasi yake ya kawaida, kana kwamba hiyo inatosha. Haitoshi. Mtu atakosa pumzi kwa sababu mimi nimekosa haya ya kusema uongo na nikaona haya ya kusema ukweli.

Nachapisha hii mtandaoni, nakwenda kubisha mlango wa pili. Nikirudi kukaa kitini, sitaenda tena.