Maili za Kumrudisha Laurian

Runazi, Biharamulo
4 Agosti 2024

Mume wangu Laurian,

Habari za Doha na joto lake? Huku tuko salama, ila kifua cha baba yako hakijatulia. Iteka anaota meno, halali, na mimi silali.

Nilienda benki kuulizia ile akaunti uliyofungua mwezi uliopita, Iteka mgongoni. Dada wa dirishani alinieleza vizuri. Haitoi riba. Badala ya riba unapewa maili, na maili zikijaa unabadilisha kwa tiketi ya ndege. Kwa milioni mbili na laki nne uliyoweka, ni maili mia sita kwa mwezi. Tiketi ya kuja tu ni maili elfu ishirini. Nikamuuliza, tiketi hiyo ukinunua kwa hela? Akasema milioni moja na laki mbili.

Baba Iteka, nimepiga hesabu mara tatu. Nauli ya kuja na kurudi unayo. Umeifungia ndani ili ikuzalie nauli.

Mkeo,
Mama Iteka

Doha
19 Agosti 2024

Mama Iteka,

Nimekusoma kwenye simu nikacheka. Hesabu darasa la saba ulipata ngapi vile? Umesahau bonasi. Ukikaa mwaka mzima bila kugusa hela wanakuongezea maili elfu nane. Mhoja, yule wa Kahama ninayelala naye chumba kimoja, anazo tayari elfu kumi na tano. Nitakuja bure, na hela nitaikuta palepale, tupige bati. Mwambie Mzee anywe dawa, anisubiri.

Mumeo,
Baba Iteka

Runazi
2 Februari 2025

Mume wangu,

Pole. Pole sana. Najua mdogo wako Celestini alikupigia, lakini nawe unataka kusikia kwangu. Baba alikula uji, akaomba nimgeuze upande wa ukutani, basi. Tumemzika juzi.

Wazee wamekaa. Unajua ya kwenu: bonde la marehemu halilimwi mpaka mtoto wa kwanza wa kiume apige jembe la kwanza. Hapo msiba ndio unakwisha, na aliyelipiga ndiye anayelishika bonde. Wamesema watakungoja hadi kupanda maharage ya bondeni, mwezi wa sita. Toa ile hela uje. Nisikubembeleze kwa hili.

Mkeo

Doha
15 Februari 2025

Mama Iteka,

Asante kwa kumgeuza baba. Tangu habari zije nafanya kazi kama mlevi.

Lakini nisikilize. Nina maili elfu nne na mia mbili. Nikitoa hela leo, bonasi inakufa na hizi zinafutwa. Mwezi wa saba mwaka unatimia, zitakazopungua nitazinunua. Waombe wazee waongeze mwezi mmoja tu. Celestini ni mdogo wangu, hawezi kunifanyia ubaya.

Baba Iteka

Runazi
20 Juni 2025

Laurian,

Salamu kutoka kwetu. Iteka anakimbia sasa, na picha yako anaiita "mjomba". Sijamfundisha hivyo.

Wazee walikaa jana. Mimi mkwe, sina kiti pale; nilikuwa jikoni nageuza ugali. Mzee Shibuda akauliza, "Huyu mwenye bonde yuko wapi?" Celestini akajibu, "Anasubiri ndege ya bure." Wakacheka. Nikasema kupitia mlangoni, mwongezeeni mwezi mmoja. Mzee Shibuda akasema, "Mama Iteka, maharage hayajui mwezi wa saba. Maji yakikauka bondeni tutakula maili?"

Nikarudi kwenye ugali. Wewe ungemjibu nini?

Jembe litapigwa Jumamosi, tarehe ishirini na nane, uwepo usiwepo. Toa hela leo. Tafadhali.

Mama Iteka

Doha
24 Juni 2025

Mke wangu,

Nimewaandikia benki. Wamejibu nitoe taarifa, kisha nisubiri siku thelathini. Imo kwenye masharti, sikuyasoma yote. Mhoja ana laki tatu tu. Bosi amesema mshahara hautolewi kabla ya tarehe. Nimekaa kitandani nimevaa viatu, sijui niende wapi.

Waambie nakuja.

Laurian

Runazi
1 Julai 2025

Baba Iteka,

Niliwaambia. Walinisikiliza kwa heshima, halafu wakateremka bondeni.

Celestini alipiga jembe saa mbili asubuhi. Hakufurahi, nisimsingizie, jembe halikuzama, akarudia mara mbili. Kisha akina mama wakaruhusiwa kuingia kulima. Mimi nikabaki nimesimama ukingoni na jembe langu, sijui naingia kama nani. Shemeji akaniona. Akaja akanipimia hatua kumi na mbili pembeni kwenye matete. Akasema, "Lima hapa kwa msimu huu, shemeji." Nikasema asante. Ningesema nini? Mtoto lazima ale.

Nimelima mistari minne.

Wewe usilie huko peke yako. Na usiwaandikie tena benki kuwaomba maili, ziache zife. Siku thelathini zikiisha, usinitumie hela na usiihamishie kokote. Nunua tiketi kama watu wengine wanavyonunua. Ukishuka basi Nyakanazi mtu asikupeleke kwa wazee wala kwa Celestini. Hakuna tena cha kuwahi huko. Njoo moja kwa moja nyumbani, mtoto akuone una miguu.

Mkeo,
Mama Iteka