Laini Inayoishia na 47

Jumanne

Na mimi nilikuwa nimefurahi, mjinga mimi. Mume wangu Juma aliniambia ukurasa wa duka letu mtandaoni sasa unafungwa mara mbili: ukishaweka neno la siri, unatumiwa namba ya kuthibitisha kwenye simu. Mimi ndiye nauza vitenge dukani, soko la Kikuubo, kwa hiyo nikajua simu hiyo itakuwa yangu.

Leo nimejaribu kuingia. Namba imetumwa kwenye laini inayoishia na 47. Hiyo ni ya Zaituni, mke mwenzangu wa Kisenyi, ambaye dukani hajawahi kukaa hata siku moja.

Nikampigia. Akanisomea polepole, kwa upole wake ule. "Mama Shamimu, ukikwama tena nipigie tu."

Leo ni zamu yangu, Juma amelala hapa kando. Sijamuuliza. Naogopa hatanidanganya.