Mlango wa Chuma Kwenye Kona ya Ngazi

Jumatano, juu kwa Mama Beata

Nilimwambia Hamadi, fundi wa chuma, asichomelee mlango kwenye fremu kule karakana, maana ngazi za kupanda kwa Mama Beata, mteja wetu, ni nyembamba. Akanijibu, "We jenga matofali yako, chuma niachie mi."

Haya! Kwenye kona mlango umekwama, haupandi, haushuki. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika upande wa juu, sina pa kushukia.

Couvre-feu, saa ya kutotoka nje, ilipokaribia, Hamadi na wenzake wa chini wakakimbilia makwao. "Kesho tutaukata!" Kesho.

Mama Beata amefurahi kabisa. "Apana, muuache tu hapo, mwanangu. Tangu vita ianze, leo ndiyo nitalala."

Na kweli, anakoroma. Mke wangu yuko nyumbani, mtaani Buyenzi, peke yake, na mlango wetu ni wa mbao.