Ukuta Unaopitisha Gonja

Mama mpenzi,

Salaam nyingi zifike Namakwekwe. Niko Jinja nikingoja kivuko cha kurudi kwangu, kwenye jengo jipya la abiria, na jasho halinitoki hata tone. Ukuta ni wa matofali ya udongo yaliyoachiwa matundu, upepo wa ziwa unaingia wenyewe, feni hakuna.

Asubuhi msanifu aliyelichora alikuwa akiwaeleza wageni kwamba matundu yale ni ya upepo tu. Papo hapo, karibu na sikio lake, ukachomoza tunduni mkono wenye gonja, ndizi ya kuchoma, na mama muuzaji akasema kutoka nje, "Bwana, sogeza kichwa, gonja iko moto." Wageni wakacheka. Yeye akaipokea, akaila yote, kisha akatoa futi akaupima ule mkono. Akamwambia fundi, "Upande wa pili, matundu yaongezwe upana kidogo."

Mama, ulisema huvuki tena kuja kumwona mwanangu mpaka livunjwe lile banda la mabati la kungojea kivuko, ulimozimia kwa joto. Limevunjwa, na mtoto ameshaanza kutembea. Mungu akupe afya, uje. Tutakuja kukupokea hapa, penye ukuta wa gonja.

Mwanao,
Zaituni