Sindano Ambayo Hamama Hakudungwa

Ain Safsaf, karibu na Tiaret,
22 Aprili 2018.

Mpendwa mdogo wangu Setti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mumeo, na Lina wetu? Kile kikohozi ulichonieleza kwenye simu kimekwisha, au bado unatoka bila skafu kama ulivyozoea usichanani? Huku sote tu wazima, namshukuru Mungu. Goti langu huniuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua imetupenda. Ngano imestawi, na mlima wote ni kijani.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nina jambo ambalo sikujua nilianzie wapi. Kwenye simu siwezi kulisema, maana Kaka Djilali hukaa papo hapo akisikiliza. Jambo lenyewe ni la Hamama. Na kwa kuwa farasi huyo baba alituachia sote watatu, una haki ya kulisikia lote, tena kutoka kwangu.

Unajua Kaka amehangaika naye kwa miaka miwili ashike mimba. Hamama ana miaka kumi na saba sasa, na hajaacha binti wa kushika nafasi yake. Mwaka huu Kaka alipata nafasi kwa lile dume maarufu la pwani. Lakini mbegu za dume lile hukingwa siku maalumu tu, husafirishwa kwenye boksi la barafu, na zikifika hazisubiri. Kwa hiyo jike ndiye apangwe afuate siku ya mbegu. Nassima, daktari wa mifugo, yule binti wa mwalimu wako wa hesabu, alitueleza vizuri. Sindano ya kwanza ya homoni ingemrudisha Hamama kwenye joto, yaani wakati wa kutaka dume. Kisha siku chache za kumchunguza kwa mashine, halafu sindano ya pili ya kuliteremsha yai, na mbegu zifike kesho yake. Kaka aliandika siku zote hizo kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu, na kila aliyeingia kunywa kahawa alisomewa.

Sasa sikiliza kosa langu.

Jumatatu ya tarehe 19 Machi Kaka alikwenda sokoni. Nilikuwa naanika nguo nikamwona Lakhdar anakuja na Hamama kwa kamba. Ndiyo, Lakhdar jirani, ambaye yeye na Kaka hawajasemezana tangu ule ugomvi wa njia ya kisimani, mwaka wa sita huu. Mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa mawe kule bondeni, Hamama akapita, na Lakhdar akamkuta ndani ya zizi la farasi dume wake.

"Kheira," aliniambia, hata lango hajalivuka, "mimi sikuona kitu, lakini walikuwa pamoja tangu asubuhi. Mwambie kaka yako, au usimwambie. Wewe ndiye unayekaa naye."

Sikumwambia. Niliogopa angesema Lakhdar kafanya makusudi, na safari hii yasingeishia kwenye maneno. Nilimfuta Hamama matope, nikayarudisha mawe ya ukuta kwa mikono yangu, nikajiambia kwamba farasi wa umri ule hawezi kushika mimba kwa asubuhi moja, wakati madaktari wamehangaika naye miaka miwili.

Siku ya kumi Nassima akaja. Mimi ndiye niliyemshika Hamama kichwa. Nassima alivaa ile glavu ndefu, akapima, akatazama mashine yake, akasema Hamama alishapita joto lake na yai limeshuka kama siku kumi hivi. Kaka alishangaa, maana hakuona dalili yoyote. Nassima akasema si neno, huo ndio wakati ambao sindano inafanya kazi. Akavuta dawa kwenye bomba, akanionya nisiiguse kwa kuwa hupenya ngozi. Ndipo akauliza, kama anavyopaswa kuuliza kila mahali.

"Ami Djilali, una hakika hajakutana na dume? Mimba ya siku kumi mashine yangu haiioni bado. Na sindano hii ikikuta mimba inaiondoa."

Kaka akacheka. "Dume gani, binti yangu? Hapa wenye masharubu ni mimi na paka."

Nassima akaanza kumpangusa Hamama shingo kwa pamba. Setti, nikamvuta Hamama kando kwa ile kamba.

"Usimdunge," nikasema.

Nikaeleza yote, macho yangu kwenye manyoya ya Hamama. Kaka hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza neno moja tu: "Na kalenda ulikuwa unaniona naiandika?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje.

Nassima aliifunika sindano, akamfuata. Alimwambia uamuzi ni wake. Akidungwa leo, mambo yanaendelea kama yalivyopangwa. Wakingoja wiki moja kuhakikisha, siku ya mbegu itapita, dume lile litakwenda kwenye mashindano, na huenda mwaka huu Hamama akakosa mimba kabisa. Kaka alizunguka zizi mara tatu. Kisha akasema, "Tungoje."

Wiki ile hakunisemesha. Alikula mkate wa kesra niliomwekea, akanywa maziwa yake, akaondoka. Nililia sana, na sikuwa nikimlilia farasi.

Alhamisi iliyofuata Nassima alitugeuzia kioo cha mashine. Katikati ya kijivu palikuwa na duara jeusi, dogo kama zabibu. Kaka aliinama akalitazama muda mrefu. Nassima akamkumbusha kwa upole kwamba sindano bado inawezekana, na kwamba dume wa Lakhdar hana karatasi za nasaba, kwa hiyo mtoto hataandikwa kwenye daftari la farasi wa asili.

"Miaka miwili naomba mimba," Kaka akasema. "Leo ipo, halafu nikuombe uiondoe kwa sababu ya jirani?"

Jumanne iliyopita Nassima alikuja tena kutazama moyo wa mtoto. Lakhdar naye alifika. Nilimwita mimi, nakiri, na hili nalo sikuliombea ruhusa. Alisimama mlangoni mwa zizi, kofia mkononi. Kaka alimwona. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Kwenye kioo kitu kidogo kilikuwa kinapwita upesi upesi, na sote tukakitazama.

Lakhdar ndiye aliyeanza. "Mpunguzie shayiri. Amenenepa."

Kaka hakugeuka. "Nimeshampunguzia."

Basi, hayo ndiyo maneno yao baada ya miaka sita. Kisha Kaka akaniambia nilete kahawa, vikombe vinne. Nilihesabu watu mara mbili, nikaona na mimi nimo.

Mwambie Lina kwamba mtoto atazaliwa mwezi wa pili mwakani, Mungu akipenda, na hatafanana na lile dume la pwani aliloliona kwenye picha. Jina achague yeye. Na wewe, mdogo wangu, nisamehe kwa kukuficha. Kama umekasirika niandikie hivyo hivyo, nitaelewa.

Nisalimie mumeo, shangazi Mebarka, na Yamina akija kwenu Jumapili. Kaka anakusalimu pia, ingawa hajui nimeandika nini. Mungu awalinde huko ugenini, awape afya, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Kheira