Daktari Aliyeitwa

Nyumbani Waithaka, Alhamisi usiku

Na hadi sasa uso bado unaniwaka.

Profesa wetu pale maabara ana mazoea yake: anayemfurahisha humwita "daktari", hata kama hajamaliza shahada. Mwaka mzima daktari nilikuwa mimi. Leo mchana akaita, "Daktari, kuja uone hii." Nikasimama, nikavuka chumba kizima.

"Si wewe, Barasa. Naita Kavata."

Kavata amejiunga nasi juzijuzi tu, na panya wake ndio wanaomletea sifa. Katika jaribio lake panya ana matundu mawili ya kunywea, na mwanzoni maji ya sukari huwa kwenye tundu la kushoto. Panya akishazoea, tunayahamishia kulia. Panya wa kawaida hukosa, hukosa tena, halafu hubadilika. Wale ambao Kavata amewapunguzia dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, wanarudi kushoto tu, kama wameapa. Kumbe dopamini si ya raha peke yake; ndiyo pia inayomsaidia panya kujifunza kwamba mambo yamegeuka. Matokeo safi kabisa. Nimetafuta kosa nikalikosa.

Kavata alinionyesha mmoja wao akilamba tundu kavu. "Si umwone huyu, maskini," akasema, akicheka.

Mimi sikucheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni mtu mzuri. Jioni aliniachia chai kwenye thamosi, na niliinywa yote nikiwa nimenuna.

Naogopa kesho. Profesa ataita "daktari", na najua vizuri anamwita nani.

Najua pia kwamba nitasimama.