Meza Aliyoiruka Bwana Afya

Elsie Obiero,
S.L.P. 1163,
Kisumu.
22 Juni 1999

Mpendwa Dada Benta,

Nakusalimu kwa moyo uliojaa mpaka unamwagika. Hujambo? Shemeji Wabwire hajambo na kazi yake ya reli? Na wanafunzi wako huko Voi bado wanakusumbua? Zaidi ya yote nataka kujua habari za mguu wako. Siku ya harusi nilikutafuta kwa macho kanisani huku nikijua fika kwamba umelala na plasta mpaka gotini. Mungu akuponye haraka, maana keki tulikuwekea kipande na kimebaki harufu tu.

Mimi ni mzima. Nikisema mzima, Dada, haitoshi. Nimeolewa na mtu ambaye akiegemeza baiskeli yake ukutani jioni, mimi huku ndani naacha sufuria iungue. Tom wangu ni mpole. Huamka kabla yangu akachemsha maji ya kunywa, akayafunika, kisha ndipo ananiamsha. Wiki ya kwanza alifungua kisanduku changu cha dawa, akasoma tarehe moja moja na kuvitupa vidonge vyote vya malaria nilivyokuja navyo kutoka nyumbani, kwa sababu vilikuwa vimepitwa na wakati. Wengine huletewa maua. Mimi nilikaa kitandani nikalia kwa furaha.

Nilipomsomea barua yako, alinikatiza pale uliposema unanunua dukani zile kapsuli za rangi mbili ili mguu upone upesi. Anakuomba uache. Anasema hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na ukiimeza ovyo, siku utakayoihitaji kweli itakataa kukusaidia. Nenda hospitali, tafadhali. Usimkasirikie, ndivyo anavyopenda watu.

Sasa nikupe habari kubwa ya huku. Bila shaka mmesikia redioni kwamba Ulaya wamekataa samaki wa ziwa letu, kwa kuwa kuna wavuvi wanaomwaga sumu majini ili wavue bila jasho. Kazi ya Tom imekuwa nzito tangu hapo. Yeye ndiye bwana afya wa soko la Otonglo, na unajua nani anakaanga samaki Otonglo. Mama mdogo wako, yaani mama yangu.

Umekaa Voi miaka mingi lakini hujasahau ya kwetu. Mkwe hamsogelei mama mkwe. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia hata kwenye mahindi. Kwa jambo hilo Wajaluo na sisi Wabukusu hatuna ugomvi kabisa, kwa hiyo Tom naye, Mjaluo, alilelewa vivyo hivyo. Basi tangu harusi alikuwa akikagua meza zote za samaki, akifika kwenye ya mama anainamisha kichwa na kuiruka. Meza hiyo aliachiwa mwenzake, Ouma. Kisha Ouma akahamishiwa Muhoroni, na meza ikabaki bila mkaguzi. Mimi niliona ni heshima nzuri sana. Nilijisifu nayo hata kwa majirani.

Alhamisi moja nilikwenda kumsaidia mama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikiparua magamba ya samaki wake wa ngege, mguu wangu ukagonga gunia la nailoni chini ya meza. Nikalifunua kidogo. Ndani mlikuwa na samaki wakubwa wa mbuta, nyama yao imelegea, na nzi hata mmoja hakutua. Dada, nzi wa Otonglo hutua hata juu ya bibi harusi. Nikashtuka.

"Mama, hili ni la nani?"

"Ni la Oketch, muuza samaki mwenzangu," akasema, macho yakiwa kwenye karai. "Ameniomba nimwekee mpaka jioni. Jirani ni jirani."

"Kwani yeye hana meza?"

Hapo Selpha, yule muuza dagaa wa omena wa meza ya pili, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mtoto, umeolewa ukapofuka? Nani hapa hajui kwamba meza ya mama mkwe haikaguliwi? Hapo chini ni benki. Oketch anaweka asubuhi, anatoa jioni bwana afya akishaondoka."

Mama alisimama na samaki mkononi, mafuta yakimdondokea kwenye leso. Hakuwa akijua. Nimemjua mama maisha yangu yote na uso ule sikuwahi kuuona. Akaniambia kwa sauti ya chini nisimwite Tom, atamrudishia Oketch gunia lake na mambo yaishe.

Nikamwambia akirudishiwa atauza kwingine. Akajibu, "Na mimi nitazame wapi, mkwe wangu akiinama chini ya meza yangu mbele ya soko zima?"

Tom alikuwa upande wa pili wa soko, namwona kabisa, shati lake la kaki mgongoni limelowa jasho. Nikiita, namwaibisha mama yangu. Nikinyamaza, kuna nyumba itakayopika mbuta wale jioni, na watoto watakula. Niliweka kisu chini nikaenda. Mama hakuniita nirudi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tom alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kosa ni langu, Elsie. Niliiheshimu meza nikawasahau walaji." Akasukuma baiskeli yake, tukaja wote.

Natamani ungeyaona yaliyofuata. Tom alisimama mbali kidogo, akaipa meza mgongo, uso umeelekea barabara ya Busia. Mama naye alimpa mgongo, uso kwenye karai lake. Mimi nikawa katikati kama ukuta wenye mdomo.

"Elsie, mwambie Mama kwamba sheria inanitaka nione kilicho chini ya meza."

"Mama, anasema sheria inamtaka aone kilicho chini ya meza."

"Nimesikia. Mwambie mtu wako kwamba chini ya meza yangu hakujaingia mwanamume tangu baba yako afariki."

Wanawake walianguka kwa kicheko. Selpha akapaza sauti, "Elsie, sema kwa nguvu, sisi wa huku nyuma sheria haitufikii!" Shingo ya Tom ilikuwa imeiva, lakini hakugeuka wala hakuondoka. Alisema tena, polepole, "Mwambie Mama sikuja kumkagua yeye. Nimekuja kwa sababu watu wanamwamini na mtu mwingine anajificha nyuma ya imani hiyo. Na mwambie kwamba akisema niende, nitakwenda kutafuta afisa mwingine, lakini nitakaa hapa barabarani mpaka afike, ili gunia lisitoke."

Safari hii sikurudia maneno. Hakukuwa na haja. Mama aliliepua karai, akafuta mikono, akalivuta gunia yeye mwenyewe mpaka katikati ya njia na kulifunua mbele ya watu wote. Halafu akafunua na samaki wake, wabichi na waliokaangwa, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakisubiri unga pale kwenye kinu cha jirani waliisikia:

"Elsie, mwambie mtu wako gunia si langu, lakini meza ni yangu. Akague vyote. Mimi natoka nimpishe."

Akajifunga leso vizuri, akaenda kusimama nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Hapo ndipo Tom aligeuka.

Alikagua mashavu, akabonyeza nyama, akatenga kidogo kwa ajili ya kupelekwa kupimwa. Mbuta waliobaki walimwagiwa mafuta ya taa na kuzikwa kwenye shimo. Oketch alifika mbio, viatu mkononi. "Bwana afya, si huku ni kwa wakwe zako?" Tom akamjibu, "Wakwe ni wangu. Gunia ni lako." Askari wa chifu akaondoka naye. Majibu yamekuja wiki hii, na ni kweli samaki wale walikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Nami nilikaribia kunyamaza.

Dada Benta, kanisani nilivalishwa pete, lakini naona niliolewa siku ile pale Otonglo, nikiutazama mgongo wa mtu aliyekataa kugeuka na akakataa kuondoka. Nilitaka kumkumbatia hapohapo barabarani. Mama angezimia.

Usifikiri yaliisha kwa raha moja kwa moja. Mama alikaa siku kadhaa bila kunisemesha ila kwa mambo ya chumvi na kuni, na baadhi ya wateja walimpita wakinong'ona. Kisha akanituma kwa Tom na neno moja tu, kwamba akija sokoni aanzie kwake. Sasa ndivyo wanavyofanya. Tom akitokea, mama hufunua vyote na kwenda nyuma ya kinu. Tom hukagua kama anavyokagua kwa mwingine yeyote, akimaliza hupiga kengele ya baiskeli, na mama hurudi. Mara moja alinituma kumwambia mama mafuta yake yamechoka, ayamwage. Akayamwaga, ila jibu lake lilikuwa kali: "Mwambie bwana afya nimemwaga. Na asijifanye hakuona nilivyolisugua karai."

Jana asubuhi nilikuwepo. Tom alikagua kote, kengele bado hajaipiga, akarudi akasimama kando ya meza ya mama na kuwaambia wanawake wote kwamba anayetaka kujua meza safi inavyokuwa aje aitazame hii. Hakutaja jina. Nikachungulia nyuma ya kinu. Mama alikuwa ameegemea ukuta, vumbi la unga limemjaa nyweleni, anajikaza asicheke. Kengele ililia na hakutoka mara moja. Alingoja kidogo, kwanza alijifuta macho.

Nisalimie Shemeji Wabwire, na mama mkwe wako, na kaka Nicodemus akipita huko kutoka Mombasa. Mama anakusalimu, Tom anakusalimu na kukukumbusha hospitali. Bwana akutembeze tena kwa miguu yako miwili, na nyumba yako isikose cheko wala chakula chema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko karatasi hii inavyotosha,

Elsie Nakhungu (Bi. Obiero mpya!)